Ukishika Nafasi ya Tatu: Mwongozo kwa Kiongozi wa Klabu Kubwa

Hongera, Mheshimiwa. Umekabidhiwa klabu yenye mashabiki mamilioni, jezi yenye wadhamini mpaka mgongoni, na timu iliyomaliza Ligi Kuu ikiwa ya tatu. Timu ya mkoani ikishika nafasi ya tatu ni sherehe, mkuu wa mkoa anakuja na mbuzi. Kwa Simba au Yanga nafasi ya tatu ni msiba usio na matanga, maana kesho asubuhi mtani yupo kijiweni, amewahi kiti, ameshaagiza kahawa yake na ameagiza na ya kwako.

Usiogope. Tangu ligi inapoisha, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, hadi siku ya kutambulisha kikosi mwanzoni mwa Agosti una miezi miwili na ushee. Mgeni wa kazi hii hudhani muda huo ni wa kutengeneza timu. Timu hutengenezwa polepole, mazoezini, na haitoi picha nzuri. Kinachotengenezwa dirisha la usajili likiwa wazi ni shabiki: unampokea Mei akiwa ameapa hataangalia mpira tena, unamfikisha Agosti akiwa kwenye foleni ya jezi. Mfano tutakaoutumia ni Simba ya msimu wa 2023/24, kwa kuwa msimu ule ulikuwa na karibu kila kitu ambacho kiongozi anahitaji kujifunza kukifunika.

Usirudie kuangalia mechi

Tarehe 5 Novemba 2023 Simba waliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa wakiwa wameshinda mechi zao zote sita za mwanzo za ligi. Kennedy Musonda akaifungia Yanga mapema, Kibu Denis akasawazisha, timu zikaenda mapumziko 1-1. Mpaka hapo ni dabi ya kawaida. Kipindi cha pili Max Nzengeli akafunga mawili, Stephane Aziz Ki akafunga moja, Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Tano moja. Mpaka leo, mtu mzima wa Dar es Salaam akinyanyua kiganja chote kusimamisha bodaboda, mwendesha bodaboda mwenye kofia nyekundu humtazama kwanza usoni.

Kiongozi asiyejua kazi angekaa na mkanda ule usiku kucha akijiuliza maswali ya mpira. Baada ya bao la pili, nani alibaki kulinda pale katikati? Nani alikuwa na kazi ya kumfuata Max anapokimbilia boksi? Aishi Manula, aliyekuwa nje kwa miezi kadhaa akiuguza majeraha, aliandaliwa vipi kabla ya kurudishiwa lango katika mechi kubwa kuliko zote? Maswali ya namna hii yana ubaya mmoja: yana majibu. Na jibu likishapatikana, linaweza kupanda ngazi hadi jukwaa kuu na kukaa karibu na wewe.

Kwa hiyo fukuza kocha. Robertinho aliondoka siku mbili baada ya dabi. Daniel Cadena, kocha wa makipa, akashika usukani kwa muda. Kisha akashuka Abdelhak Benchikha, Mwalgeria mwenye wasifu wa kutisha: alikuwa ameipa USM Alger Kombe la Shirikisho Afrika 2023, tena mbele ya Yanga kwenye fainali. Mashabiki walilala vizuri siku hiyo. Aprili 2024 naye akaaga, Kombe la Muungano alilotoka kulichukua Zanzibar likiwa bado halijapata sehemu kabatini, na Juma Mgunda akaitwa kumalizia msimu, kama alivyoitwa 2022 Zoran Maki alipoondoka. Msimu mmoja, watu wanne kwenye benchi la ufundi.

Ukitaka kuona uzuri wa utaratibu huu, anza kuhesabu kwa Patrick Aussems aliyeondoka mwishoni mwa 2019. Wakafuata Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena. Kila kocha anakuja na mfumo wake, kila mfumo unadai wachezaji wake, na kila mchezaji anadai mkataba. Halafu kuna watu wanasema mpira wetu hautoi ajira.

Namba tisa

Hapa tukae kidogo, maana ndipo Simba walipoonyesha ubunifu.

Dirisha dogo la Januari 2024 lilipofunguliwa, Simba walikuwa na mastraika wawili ambao mashabiki walishawazoea, Moses Phiri na Jean Baleke. Baleke alikuwa anafunga. Wakaachiwa wote wawili kwa mpigo, nusu ya ligi ikiwa bado haijachezwa na robo fainali ya Afrika ikiwa mbele. Nafasi zao zikachukuliwa na Freddy Michael Kouablan, aliyekuwa akifunga Zambia na Green Eagles, na Pa Omar Jobe, Mgambia aliyetokea Kazakhstan. Fikiria safari ya huyu ndugu. Kazakhstan Januari ni theluji, ligi imelala mpaka Machi. Anashushwa Dar es Salaam kwenye joto la Januari, anavishwa jezi nyekundu, anaambiwa ligi ipo katikati, Yanga wanakimbia, na wewe ndiye jibu. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa ameshaagwa.

Hadi ligi inaisha, ndani ya Simba matumaini ya mabao yalikuwa yamebaki kwa Saido Ntibazonkiza, kiungo aliyezaliwa 1987. Hilo lisikutishe. Msimu ule vinara wa mabao wa ligi nzima walikuwa viungo: Aziz Ki wa Yanga 21, Feisal Salum wa Azam 19. Msemaji wako ana utetezi mkononi tayari, aseme tu kwamba namba tisa imepitwa na wakati duniani kote na sisi tuko mbele ya wakati.

Kama hata hivyo utalazimika kununua straika, mtafute kwa klipu ya dakika tatu. Klipu nzuri ina muziki mzito, ina mabao dhidi ya timu ambazo hakuna anayezifahamu, na mchezaji hapotezi mpira hata mara moja. Usiulize anafanya nini timu yake isipokuwa na mpira. Usiulize kwa nini klabu yake inamwachia mtu anayefunga vile. Usimpeleke mtu kumwangalia mechi tatu mfululizo akiwa amekaa juani na daftari, kwa sababu mtu huyo atarudi na maoni, na maoni hayawezi kuwekewa muziki.

Hesabu ya nafasi ya tatu

Azam walimaliza na pointi 69. Simba walimaliza na pointi 69. Tarehe 9 Mei 2024 Simba waliifunga Azam 3-0, wakaona kazi imekwisha. Siku ya mwisho wote wawili wakashinda, tofauti ya mabao ikaipeleka Azam Ligi ya Mabingwa na kuiacha Simba ikijiandaa kwa Kombe la Shirikisho. Yanga walikuwa wameshatulia juu huko na pointi zao 80, wanachagua rangi ya basi la paredi.

Mpenda hesabu atakuambia pointi za Simba hazikupotelea Jangwani, kwa Yanga, peke yake. Zilipotea kwa sare mbili na Namungo, sare na KMC, sare na Ihefu, na kipigo cha 2-1 kutoka kwa Tanzania Prisons pale Morogoro. Kombe la FA nalo liliishia Kigoma, kwa Mashujaa, kwa penalti. Hizi zote ni mechi ambazo hazina mabango barabarani wala tambo redioni wiki nzima. Kushinda mechi hizo kunahitaji mambo yasiyo na mvuto: wachezaji wa akiba walio tayari, beki anayejua kuokoa mpira wa kona dakika ya 88, na kocha anayemfahamu kila mtu kwa jina.

Usizitaje. Ukiitaja Namungo kwenye mkutano wa waandishi umekubali kwamba tatizo liko nyumbani kwako. Taja refa. Refa hana mashabiki.

Thenkyu

Sasa tufike kwenye sehemu inayopendwa na wananchi wote, wa pande zote mbili. Zamani mchezaji akiachwa alijua kwa kutoitwa kambini. Siku hizi anapewa thenkyu: picha yake moja nzuri, rangi imepunguzwa kidogo kuongeza majonzi, maneno matatu ya shukrani, inapandishwa mtandaoni saa 7 kamili mchana watu wakiwa kwenye wali. Simba walipoingia Juni na Julai 2024 thenkyu zilishuka kama mvua ya masika. John Bocco, nahodha wa miaka ya makombe. Saido. Babacar Sarr. Luis Miquissone, kwa mara ya pili katika maisha yake. Jobe. Henock Inonga akaelekea Morocco.

Kanuni ya thenkyu ni moja: usiwape siku moja. Ukiwaachia wachezaji wanane Jumatatu, habari inaisha Jumanne. Ukimwachia mmoja kila siku, kijiwe kinakuwa na kazi wiki nzima. Watu wanakisia nani kesho, wanawekeana dau la soda, na hasira ya nafasi ya tatu inageuka kuwa mchezo wa bahati nasibu. Shabiki anahisi panga linatembea, na panga linalotembea linafanana sana na kazi inayofanyika. Hata kwenye bodi likitembea kidogo linasaidia. Juni hiyohiyo Salim Abdallah "Try Again" alikaa pembeni kwenye uenyekiti wa bodi, na Mohammed Dewji akarudi kwenye kiti alichokiacha 2021.

Angalizo dogo tu. Msimu ukiwa na mchezaji mmoja ambaye watoto wanaandika jina lake mgongoni kwa kalamu ya wino, usimwongezee mkataba mapema. Subiri uishe. Clatous Chama alikuwa ameuzwa RS Berkane 2021, akarudi Januari 2022, akawa yeye ndiye Simba yenyewe. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga wakamtambulisha akiwa na jezi ya kijani na njano. Wapo wana-Simba wa Msimbazi ambao siku ile walizima simu na kusema ni chaji.

Na kwa kuwa tumeitaja 2021, niseme jambo ambalo si la mwongozo huu, nitarudi kwenye mada sasa hivi. Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo hadi msimu wa 2020/21. Baada ya hapo waliwauza Chama na Miquissone katika dirisha moja, watu wawili waliokuwa wanatengeneza timu nzima, na misimu minne iliyofuata ubingwa ukaenda Yanga yote minne. Walirudishwa wote wawili kwa nyakati tofauti. Wachezaji walirudi, ile timu haikurudi nao. Haya, tuendelee.

Mapokezi

Mchezaji mpya atue usiku. Anatoka kwenye mlango wa wageni wanaowasili pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere akiwa na macho mekundu, mto wa shingoni bado umemkaba, hajalala tangu aondoke kwao. Kabla hajajua kama ni mji au ni kijiji, skafu imeshamfika. Ngoma inalia. Mama mmoja aliyevaa kitenge chekundu anampa maua, anayapokea kwa mkono wenye pasipoti. Kijana wa kamera anamsogelea sikioni kumfundisha maneno mawili, Nguvu Moja, naye anajaribu, "Nguf Mocha," na watu wanalipuka kana kwamba amefunga kwa tiktaka. Sekunde nane hizo ndizo kazi kubwa atakayoifanya kwa mwezi mzima. Vipimo vya afya vifanyike baadaye, picha ikishatoka. Goti linaweza kusubiri.

Kanuni zinaruhusu wageni 12. Jaza zote. Nafasi iliyobaki wazi inaonekana kama ukata.

Kwa wazawa utaratibu ni tofauti kidogo: watambulishe kwanza, karatasi zitafuata. Juni 2024 Simba walimtambulisha beki Lameck Lawi wa Coastal Union. Coastal wakasema masharti ya malipo hayakutimizwa, suala likafika TFF, na Lawi akabaki Tanga. Awesu Awesu akawa mjadala kati ya Simba na KMC. Yusuph Kagoma akawa mjadala kati ya Simba na Yanga. Wanaoona hayo kuwa ni fedheha hawajaelewa biashara. Kesi mbele ya kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji inakupa vichwa vya habari wiki tatu bila gharama ya tangazo, na ukishindwa unaweza kusema umehujumiwa. Wakati huohuo Kibu Denis, aliyekuwa ametoka kusaini mkataba mpya, akasikika yuko Norway. Hata mtu anayeandika tamthilia angeona aibu kuyaweka yote hayo kwenye dirisha moja.

Kijiweni utasikia mazungumzo kama haya, na ukiyasikia ujue dirisha lako limefanikiwa:

"Mtani, safari hii mtatukoma. Tumeshusha vyuma."

"Vyuma vya wapi, mtani?"

"Ivory Coast. Mwingine Uganda. Mwingine Kongo, sijui ni ile Kongo ipi."

"Wanacheza namba gani?"

"Hilo atalijua kocha."

"Kocha ni nani?"

"Anatua Ijumaa."

Karatasi ya siri

Ndani ya bahasha hii kuna mahitaji halisi ya timu. Soma, kisha chana, kwa sababu ikivuja utalazimika kuyatekeleza.

Timu iliyofungwa tano na Yanga na kutolewa na Al Ahly kwa mabao matatu katika mechi mbili za robo fainali, ikaendelea kuitwa Mwakarobo kwa mazoea ya kuishia robo, haikuhitaji watu kumi na kitu. Ilihitaji kipa mmoja wa kudumu, asiyesubiri mwenzake apone. Ilihitaji beki wa kati wa kukaa na Che Malone baada ya Inonga. Ilihitaji kiungo mkabaji mwenye mapafu, kwa sababu safu ile ilikuwa na ufundi mwingi na umri mwingi pamoja. Ilihitaji straika anayepewa msimu mzima, Agosti mpaka Mei, hata akikosa penalti Oktoba. Na ilihitaji kocha ambaye hatafukuzwa na mechi moja. Haya yote angeyaandika hata muuza magazeti wa Kariakoo, bila kulipwa ushauri wa kitaalamu.

Ikitokea bahati mbaya ikafanikiwa

Mwongozo mzuri lazima uonye kuhusu hatari, na hatari kubwa kuliko zote ni timu kuanza kucheza vizuri kweli.

Ilitokea. Julai 2024 Simba walimleta Fadlu Davids, Msauzi aliyekuwa kwenye benchi la Raja Casablanca iliyochukua ubingwa wa Morocco bila kupoteza mechi. Wakaenda kambini Ismailia, Misri. Huko kipa Ayoub Lakred akaumia, ikabidi atafutwe mwingine haraka, akapatikana Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea, na usajili wa dharura ukawa miongoni mwa bora kuliko wote. Jean Charles Ahoua, aliyetoka Stella d'Adjamé akiwa kijana asiyejulikana kwetu, akamaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Kauli mbiu ilikuwa Ubaya Ubwela, na safari hii ubaya kweli ulibwela: Simba wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025. Wakafungwa 2-0 kule Berkane, wakatoka sare 1-1 Zanzibar, kombe likaenda kwa RS Berkane, walewale walionunua Chama.

Kwenye ligi wakapata pointi 78. Yanga wakapata 82. Dabi iliyoahirishwa Machi ikachezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0.

Kiongozi mwenye busara ya kawaida angeangalia hesabu hiyo na kusema tumetoka pointi 11 nyuma ya Yanga mpaka 4, tumecheza fainali ya Afrika, tukae hapahapa, tuongeze wawili, tumwache kocha afanye kazi. Jihadhari na mawazo hayo. Shabiki haimbi pointi 4. Shabiki anataka mapokezi ya usiku, na amekuwa akiyapata kila mwaka, hawezi kunyimwa ghafla. Hata ukijizuia, soko litakusaidia: mwaka huohuo Mohamed Hussein "Tshabalala", nahodha, akahamia Yanga, na Septemba Fadlu akarudi Raja, safari hii kama bosi. Akaja Dimitar Pantev kutoka Gaborone United. Kufikia Desemba naye alikuwa ameshaondoka, na dirisha dogo lilikuwa linakaribia kufunguliwa.

Kwa hiyo ratiba yako imekamilika, Mheshimiwa. Andaa skafu, weka ngoma karibu, na kijana wa kamera asilale mapema. Jezi za msimu mpya zichapishwe kwa wingi. Kalenda ya klabu nayo iandaliwe, ila kwenye ukurasa wa kocha mwambie mchapaji aweke picha ya mnyama mwenyewe, simba wa Serengeti amekaa chini ya mti, tusije tukalipa kuchapisha mara mbili.